Vyama Vilivyojenga Nyumba za Sanaa, na Habari za Mwana wa Eldama Ravine

Wazee wetu na wanachama wenzetu, katika kurasa zilizotangulia Mweka Hazina ameeleza fedha zilizoingia na zilizotoka: za mazishi, za karo ya mayatima, za wagonjwa waliolazwa. Yumkini mtu atauliza, habari za picha na sanamu zaingiaje katika taarifa ya chama cha kusaidiana? Jibu letu ni kwamba nyumba za makumbusho na za sanaa katika nchi hii, ukichimbua asili yake, nyingi hazikuanzishwa na Serikali. Zilianzishwa na watu waliokaa mezani kama tukaavyo sisi, wakachagua mwenyekiti na katibu, wakatoza ada, wakaandika majina ya waliolipa na ya wasiolipa. Kwa hiyo habari hizo ni za ukoo mmoja na zetu, na iliyo kubwa kati yake ilianza hapa jirani, Eldama Ravine.

Chama cha kwanza kilianzishwa mwaka wa 1909, nacho kilikuwa chama cha wapenda elimu ya viumbe wa Afrika ya Mashariki na Uganda. Wanachama wake walikuwa Wazungu: maofisa, wamisionari na walowezi. Walikusanya ndege, wadudu, mimea na mifupa, wala hawakuwa na nia ya kukusanya picha. Mwaka wa 1910 walipata mahali padogo pa kuweka vitu vyao Nairobi, pale ambapo leo pana jengo la Nyayo House. Mahali pale pakajaa, nao wakahamia jengo kubwa zaidi mwaka wa 1922. Mwaka wa 1929 wakapewa kiwanja kilimani, na tarehe 22 Septemba 1930 nyumba ikafunguliwa kwa jina la Coryndon, gavana aliyekuwa amefariki mwaka wa 1925. Basi tangu mkutano wa kwanza hata kufunguliwa kwa nyumba ilipita miaka 21. Twaomba wale wanaolalamika kwamba ukumbi wetu unachelewa waisome hesabu hiyo mara mbili.

Mwafrika hakuwamo katika chama kile, na kwa muda mrefu nyumba yenyewe haikuwa yake. Ni katika miaka ya 1940, Bwana Louis Leakey alipokuwa msimamizi, ndipo milango ilipofunguliwa kwa watu wa rangi zote. Baada ya Uhuru ikaitwa Makumbusho ya Taifa. Ada za wageni, basi, ziliweka msingi wa nyumba ambayo baadaye ilikuwa ya wananchi wote. Jambo hilo lapasa kukubaliwa bila haya na bila kupiga magoti.

Lakini kukusanya ndege aliyekaushwa ni kazi moja, na kukusanya kazi ya mchoraji aliye hai ni kazi nyingine. Ndege hana deni dukani. Mchoraji anakula, ana watoto, na asipopata mnunuzi karibu atamwuzia mnunuzi wa mbali. Picha itafungwa katika sanduku na kupanda ndege, na mjukuu wake hataiona kamwe. Ugumu huo si wa Kenya peke yake. Mwaka ule ule wa 1910 watu wachache wa London waliunda chama cha kununua kazi za wasanii walio hai na kuzitoa bure kwa nyumba za umma, kwa maana waliona kwamba nyumba hizo zilingoja msanii afe kwanza. Utaratibu wao ulikuwa mwepisi: wanachama hulipa ada, mmoja wao huchaguliwa kuwa mnunuzi, na kinachonunuliwa hakiendi nyumbani kwa yeyote. Na ile nyumba mashuhuri ya sanaa ya kisasa ya New York ilianzishwa mwaka wa 1929 kwa bidii ya mabibi watatu. Hao ndio tunaowaita wafadhili: watu wanaotoa kwa pamoja ili kitu kisiwe cha mmoja.

Sasa tuje kwa mwana wa Ravine. Marehemu Joseph Murumbi alizaliwa Eldama Ravine mwaka wa 1911. Baba yake alikuwa mfanya biashara Mgoa, na mama yake Mmaasai. Jina la Murumbi alilirithi upande wa mama. Alipelekwa Bara Hindi kusoma akiwa mtoto mdogo, akarudi kijana. Alifanya kazi za ukarani, na miaka ya 1940 alikuwa Somalia katika utawala wa kijeshi wa Kiingereza. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka wa 1952 na viongozi wa Kenya African Union kukamatwa, yeye alishika kazi ya Katibu Mkuu, kisha mwaka uliofuata akaondoka nchini kwenda kututetea ng'ambo. Alikaa London karibu miaka tisa. Huko alipata kazi katika ubalozi wa Morocco, na kutoka katika mshahara wake alinunua vitabu vya Afrika na vinyago vya Afrika, kimoja kimoja, katika maduka ya vitu vikuukuu. Tulio makarani twaujua mshahara wa ofisini ulivyo. Mtu anayetoa sehemu yake kununua kinyago lazima awe ameona kitu ambacho wenzake hawajakiona. Alichokiona ni kwamba mali ya bara letu ilikuwa ikiuzwa katika vichochoro vya Ulaya, na kwamba asipoinunua Mwafrika basi ataambiwa kesho kwamba hakuwahi kuwa nayo.

Baada ya Uhuru alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, na mwaka wa 1966 alikuwa Makamu wa Rais kwa miezi michache, akajiuzulu. Watu hukumbuka siasa hiyo. Sisi twakumbuka zaidi kwamba alikuwa mmoja wa waliohimiza sheria ya hifadhi ya nyaraka za Serikali ya mwaka wa 1965, na kwamba kila alikosafiri kwa kazi ya nchi alirudi na kitu cha kusomwa au cha kutazamwa. Alinunua pia kazi za wasanii waliokuwa hai: Francis Nnaggenda na Expedito Mwebe wa Uganda, na Elkana Ong'esa, mchongaji wa mawe kutoka Kisii. Mwaka wa 1972 yeye na mkewe Bibi Sheila, pamoja na Bwana Alan Donovan, Mmarekani, walifungua nyumba ya African Heritage mjini Nairobi, iliyokuwa duka na maonyesho kwa pamoja, ikiuza kazi za pembe zote za Afrika.

Hapa ndipo habari inapofika penye uchungu. Murumbi alitakiwa na wanunuzi wa ng'ambo awauzie mkusanyiko wake, naye akakataa. Katika miaka ya 1970 akaiuzia Serikali ya Kenya mkusanyiko huo pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, kwa mapatano kwamba nyumba ingekuwa chuo cha elimu ya Afrika chenye jina lake. Kisha akahamia shambani Transmara. Chuo hakikuwa. Vitabu na vinyago vilipelekwa katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, lakini nyumba ile iliachwa ichakae, ikabomolewa, na kiwanja chake kikawa cha wengine. Mwenyewe alikuwa hai bado alipoyaona hayo. Alifariki mwaka wa 1990.

Tumeitafakari sana habari hii, na hukumu yetu ni hii: mapatano yale yalikuwa na pande mbili tu, mtu mmoja na Serikali. Nyuma yake hapakuwa na chama cha wafadhili wa nyumba ile, wenye daftari na mkutano wa mwaka, wala katibu wa kuandika barua kila mwezi kuuliza, "Je, paa limetengenezwa? Mlinzi amelipwa?" Mawaziri hubadilishwa, mafaili huhamishwa, na mtu mmoja huzeeka. Chama hakizeeki kwa namna hiyo, kwani kila mwaka huchaguliwa katibu mwingine mwenye nguvu za kuandika barua. Wako watakaosema kwamba hata chama kisingeweza kuzuia nyumba isibomolewe. Huenda. Lakini nyumba ingebomolewa mchana kweupe, mbele ya mashahidi.

Na ushahidi upo kwamba maneno hayo si dhana tupu. Bibi Sheila alipofariki mwaka wa 2000, marafiki waliobaki hawakungoja. Waliunda amana kwa jina la Murumbi, wakafuatilia vitu vilivyokuwa vimebaki, wakavitafutia mahali. Mwaka wa 2009 yakafunguliwa makumbusho ya wazi kaburini kwake, katika City Park ya Nairobi, karibu na kaburi la rafiki yake Pio Gama Pinto, na sanamu zilizosimamishwa pale ni za wasanii aliowapenda.

Twapaswa kutaja na wengine, ijapokuwa kwa ufupi. Mwaka wa 1965 Bwana Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Marangu na aliyechora picha kubwa za kanisani Murang'a, alishirikiana na rafiki zake, wakiwamo Jonathan Kariara na Pheroze Nowrojee, kufungua Paa ya Paa mjini Nairobi. Wajuzi wa sarufi wangependa paa huyo aseme "apaa" kama wanyama wenzake, lakini jina limekwisha kukubalika na paa amekwisha kupaa. Moto uliiharibu nyumba hiyo mwaka wa 1997, nayo ikaendelea. Mwaka wa 1995 lilianza shirika la Kuona katika uwanja wa Makumbusho ya Taifa, likiwapa wachoraji vijana mahali pa kufanyia kazi. Na mwaka wa 2020 mchoraji Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi ambaye picha zake zimenunuliwa na nyumba kubwa za Ulaya na Marekani, alianzisha taasisi ya sanaa ya kisasa mjini humo kwa ajili ya kazi za Afrika ya Mashariki. Twamshukuru. Hata hivyo tukikumbuka ya Muthaiga, twamwombea awe na chama kikubwa nyuma yake.

Chama kinachofanana zaidi na tunachokisema ni Chama cha Makumbusho ya Kenya, kilichoanzishwa mwaka wa 1971. Kazi zake si za fahari. Wanachama hulipa ada. Wengine hujitolea bila mshahara. Kuna duka, kuna mihadhara, kuna safari za kutembelea mahali pa kale, na kuna jarida lake ambalo limetolewa tangu mwanzo. Kinachotufurahisha zaidi ni maonyesho yake ya sanaa ya bei nafuu. Wachoraji huleta picha, bei huwekewa kikomo ili mwalimu na karani nao waweze kununua, na kwa siku chache ukutani hujaa. Sehemu ya fedha ni ya mchoraji, na sehemu huenda kwa chama kwa kazi za makumbusho. Hapo mwenye picha amekula, ukuta wa Mkenya umepata picha, na nyumba ya umma imepata bati. Hatujaona mpango mwepesi kuliko huo.

Na sisi wa Nakuru je? Tunayo Hyrax Hill, kilima cha pimbi kando ya barabara ya Nairobi. Bwana Leakey alipatambua mwaka wa 1926, na mkewe Bibi Mary alichimba pale mwaka wa 1937. Nyumba ya shamba ilitolewa na wenyewe, na mwaka wa 1965 ikawa makumbusho. Juu ya miamba yake yamo mashimo ya bao yaliyochongwa na watu wa kale. Mzee yeyote anayejua bao akisimama pale hahitaji kiongozi wa kumweleza. Lakini hiyo ni nyumba ya mambo ya kale. Mwaka wa 2021 Nakuru ilipewa hati ya kuwa jiji, na mwaka huo huo UNESCO ikaiingiza katika orodha ya miji ya ubunifu kwa ajili ya kazi za mikono na sanaa za wananchi. Heshima hiyo haikuja kwa ajili ya majengo yetu. Ilikuja kwa ajili ya wafinyanzi, wasusi wa vikapu, wenye shanga, wachongaji na wachoraji, na wengi wao huuza kando ya barabara kwa wasafiri ambao hawatarudi.

Halmashauri haijaombwa fedha kwa maandishi haya, na Mweka Hazina asifadhaike. Tunachoomba ni kwamba katika mkutano mkuu wazee waliozungumzie jambo moja: kama inawezekana kila mwaka kununua kazi moja tu ya mkono wa mtu wa hapa, ikaandikwa katika daftari la mali ya chama pamoja na viti na masufuria, wala isiwe ya mtu.

Na mwanachama atakayekwenda Nairobi aweza kujionea mwenyewe habari tulizozieleza. Karibu na Nyayo House lipo jengo la mawe la mwaka wa 1913, lililokuwa ofisi ya Mkuu wa Jimbo, ambamo zamani watu waliandikishwa kuzaliwa, kuoa na kufa. Siku hizi ni nyumba ya sanaa chini ya Makumbusho ya Taifa, na ndimo ulimowekwa mkusanyiko wa Joseph na Sheila Murumbi. Kutoka mlangoni mwake hadi pale ambapo chama cha mwaka wa 1909 kiliweka ndege wake wa kwanza ni hatua chache tu.