Pesa Haisafiri: Historia Fupi ya Kutuma Hela Nyumbani kwa Benki

Wengi wetu tuliowahi kufanya kazi ng'ambo tulidhani kwamba ukiingia benki London ukatuma pauni 200 nyumbani, kuna pauni 200 zinazosafiri. Hakuna kitu kama hicho. Kinachosafiri ni barua. Benki ya London inaandika, "mpe fulani kiasi hiki, nami nitakulipa", na benki ya Nairobi, ikiiamini hiyo barua, inaongeza nambari kwenye akaunti ya mama yako. Basi. Msomaji ukilishika hilo moja, utaelewa kwa nini pesa za benki huchelewa na kwa nini hufika zimenyofolewa. Kasi ya barua imeongezeka mno kwa miaka 150. Ile imani kati ya benki na benki ndiyo bado inatembea kwa miguu.

Haya, tuanze nyuma kidogo. Kiswahili chenyewe kinakumbuka mambo haya. Neno "hundi" tulilipata kutoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa na maduka pande zote za bahari, Gujarat huko na Unguja na Mombasa huku. Ulimkabidhi mmoja wao fedha katika bandari hii, akakupa karatasi, na mshirika wake katika bandari ile akailipa. "Hawala" ni neno la Kiarabu na mtindo ni ule ule. Pale Eastleigh mpaka leo hakuna haja ya kumweleza mtu maana yake. Sarafu hazikuvuka bahari kila mara. Lililohamishwa lilikuwa deni, na wenyewe walilipana baadaye kwa bidhaa au kwa deni lingine.

Kisha ikaja simu, na hapa sisemi ya kuongea. Wazee wetu waliposema "kupeleka simu" walimaanisha telegramu. Mwaka wa 1879 waya wa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja ukaendelea hadi Durban. Marekani nako, Western Union ilikuwa imeanza kutuma pesa kwa telegrafu tangu 1871. Habari iliyochukua wiki kadhaa kwa meli sasa ilichukua saa chache. Lakini likazuka swali ambalo sisi watu wa tarakilishi tunalijua sana: umejuaje kwamba ujumbe huu umetoka kwa huyo anayesema ametuma?

Jibu la enzi ya teleksi linanifurahisha kuliko yote. Benki mbili zilizofanya kazi pamoja zilibadilishana majedwali ya siri yenye nambari. Karani wa London alitafuta nambari ya kiasi, nambari ya tarehe na nambari ya sarafu, akazijumlisha, na jumla hiyo akaiweka kwenye ujumbe. Karani wa upande wa pili alirudia hesabu ile ile kwa majedwali yake. Zikilingana, analipa. Zisipolingana, teleksi inarudi kuuliza, na siku imepita. Ukiwa mwandishi wa programu umeshaitambua: ndiyo kazi tunayoifanya leo kwa HMAC, ila prosesa ya wakati huo ilikuwa karani mwenye kalamu na njaa ya saa saba mchana. Zaidi ya hayo, teleksi iliandikwa kwa maneno huru. Kila benki na Kiingereza chake. Mtu alilazimika kuisoma, kuielewa, na kuipiga upya katika vitabu vya benki yake, na kila aliyepiga upya aliweza kukosea jina.

Mapema miaka ya 1970 benki moja kubwa ya New York, First National City (baadaye ikaitwa Citibank), ilitengeneza mfumo wake wa ujumbe unaosomwa na mashine, MARTI, ikataka benki zinazoshirikiana nayo ziutumie. Benki za Ulaya zikaona mtego: leo tunatumia muundo wa mwenzetu, kesho tunakula mkononi mwake. Mwaka wa 1973 benki 239 kutoka nchi 15 zikaanzisha ushirika wao huko Ubelgiji, SWIFT, na ujumbe wa kwanza ukapita mwaka wa 1977. Wanaodhani vita vya miundo ya wazi dhidi ya miundo ya kampuni moja vilianza na Microsoft, someni hiyo tena.

SWIFT haishiki pesa hata senti. Ni posta ya benki. Ujumbe wa kumtumia mtu binafsi uliojulikana zaidi ulikuwa MT103, na kiini chake ni kama hivi:

:20:KARO0001
:32A:080915GBP200,
:70:KARO YA MUHULA WA TATU
:71A:SHA

Uga wa 32A una tarehe, sarafu na kiasi vimebanwa pamoja, na ule mkato mwishoni ndio nukta ya desimali. Uga wa 70, wa maelezo, una mistari 4 ya herufi 35. Kwa wenzangu wenye majina kama Ng'eno na Nyang'au: ritifaa inaruhusiwa kabisa kwenye SWIFT. Fomu za benki zinazokataa jina lako, zinakataa kwa uvivu wa aliyeziandika.

Lakini uga wenye uchungu ni 71A. Unaweza kuwa OUR (mtumaji analipa ada zote), BEN (mpokeaji analipa zote) au SHA (kugawana). Nilipokuwa Uingereza mwaka wa 2008 nilituma karo ya mdogo wangu kupitia benki ambayo sitaitaja. Nililipa ada yao kaunta nikapewa risiti. Siku ya nne mama akapiga simu: "Mwanangu, hizi si zile ulizosema." Zilikuwa zimepungua, si kwa mengi, lakini mhasibu wa shule hakutaka kusikia habari za London. Mdogo wangu alirudishwa nyumbani kwa salio ambalo mimi ningelimaliza kwa chakula cha mchana cha siku mbili. Keshia aliyenihudumia aliweka SHA bila kuniuliza, na kwenye SHA kila benki ya njiani ina ruhusa ya kumega.

Njiani wapi, utauliza, ikiwa pesa haisafiri? Ndiyo hapo. Benki ya Nairobi huweka akaunti ya pauni katika benki fulani ya London. Mabenki huiita nostro, Kiitaliano cha "yetu". Kama benki yangu siyo yenye akaunti hiyo, lazima iiombe benki ya tatu ipokee na kuipitisha. Wakati mwingine ya nne. Kila moja ina leja yake, saa zake za kufunga, sikukuu zake, na ofisa wa kukagua kama jina langu linafanana na la mtu anayetafutwa. SWIFT ilifikisha barua kwa sekunde. Barua ikakaa mezani hadi Jumatatu.

Huku kwetu palikuwa na ukuta mwingine. Sheria ya udhibiti wa fedha za kigeni ilifutwa mwaka wa 1995 tu. Kabla ya mageuzi ya miaka hiyo, pesa za nje zilitakiwa kupitia benki zilizoidhinishwa na kubadilishwa kwa kiwango rasmi, kwa hiyo nyingi zilikuja mfukoni mwa jamaa anayerudi likizo.

Halafu Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa, na kufikia 2009 majaribio ya kutuma kutoka Uingereza moja kwa moja hadi kwenye rununu ya Kenya yalikuwa yameanza. Watu husema rununu iliishinda benki. Mimi naona aliyerudi ni yule mwenye duka wa Unguja. Kampuni nyingi za kutuma pesa huweka shilingi zao Kenya mapema. Wewe ukilipa London, mama analipwa papo hapo kutoka kwenye fungu lililopo Nairobi, na wao husawazisha hesabu baadaye kwa mkupuo mmoja mkubwa, kupitia benki zile zile. Hundi tupu, ila karatasi imekuwa arafa. Wise, iliyoanzishwa mwaka wa 2011, ilijengwa juu ya wazo hilo hilo.

Nambari zinaonyesha uzito wake. Benki Kuu ya Kenya ilihesabu dola milioni 338 zilizotumwa nyumbani mwaka wa 2004, na takriban dola bilioni 4.9 mwaka wa 2024. Katika hesabu za Benki ya Dunia, benki ndiyo njia ghali zaidi ya kutuma kiasi kidogo.

Hata hivyo benki hazikulala. Mwaka wa 2017 SWIFT ilileta gpi, ya kufuatilia malipo hatua kwa hatua. Utafiti wa BIS wa 2022 uliotumia data hiyo ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya malipo humalizika ndani ya saa 2, na kwamba muda mwingi hupotea kwenye benki ya mpokeaji, hasa palipo na udhibiti wa fedha za kigeni na saa fupi za kazi. Novemba 2025 MT103 ilistaafu kwa malipo kati ya nchi, ikapokewa na muundo wa XML wa ISO 20022, wenye nafasi ya kutosha ya jina na anwani.

Kwa hiyo ukituma leo kwa benki, sema OUR kabla keshia hajabonyeza chochote, kisha omba UETR. Ni UUID ya kawaida, herufi na tarakimu 36 pamoja na vistari vyake, na tangu Novemba 2018 kila malipo ya aina hii yanayopita SWIFT lazima yawe nayo. Ukiambiwa "ziko njiani", mpe karani nambari hiyo. Ataweza kuona ziko kwenye meza ya nani.