Saa za Peke Yake na Saa za Urubani wa Kwanza katika Daftari la Mwanafunzi wa Kijeshi, 1940–1945

Katika shule za urubani zilizofunguliwa Rhodesia Kusini kuanzia 1940 kwa ajili ya Jeshi la Anga la Uingereza, kila mwanafunzi alitunza daftari la safari zake, Fomu 414. Safu moja ilikuwa ya rubani wa kwanza. Iliyofuata, ya rubani wa pili, mwanafunzi au abiria. Mwanafunzi aliyeiendesha Tiger Moth saa nzima, mkufunzi akiwa kiti cha mbele bila kugusa chochote, aliandika jina la mkufunzi katika safu ya kwanza na “mwenyewe” katika ya pili. Siku aliyoruka bila mkufunzi, neno hilo lilihamia safu ya kwanza. Kilichohesabiwa, basi, kilikuwa dhamana ya ndege, si kazi ya mikono. Ndiyo maana mtafiti anayezichukulia saa zote za urubani wa kwanza kuwa saa za peke yake hupotoka. Katika ndege za Oxford, zenye injini mbili, wanafunzi wawili waliweza kurushwa pamoja: mmoja alijiandikia urubani wa kwanza ilhali ana mwenziwe ubavuni, na huyo mwenziwe, pengine hodari kumliko, aliandikiwa urubani wa pili.