Kugombea uwakilishi wa wanafunzi vyuoni: kiti, kura na gharama zake

Kila mwaka wa masomo huwa na wiki chache ambazo kuta za mabweni ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki hujaa picha za wagombea, vipaza sauti hukesha, na mshindi hatimaye hubebwa mabegani na wafuasi wake. Siku ya pili yake huanza kazi ambayo si wapiga kura wengi wanaoifahamu. Kwa kura ile ile moja, mara nyingi mshindi huwa amekabidhiwa dhamana mbili zisizofanana.

Ya kwanza ni kuwaongoza wanafunzi wenzake, akiwa rais wa serikali ya wanafunzi kama wanavyosema Tanzania, mwenyekiti wa chama kama ilivyozoeleka Nairobi, au rais wa Guild huko Makerere. Ya pili ni kuketi katika vikao vinavyoendesha chuo chenyewe. Dhamana ya kwanza humtaka apaze sauti. Ya pili humtaka asome makabrasha, ahesabu wajumbe na, mara nyingi, atunze siri.

Viti vichache

Katika vyuo vingi vya umma, Baraza la Chuo ndicho chombo cha juu. Hupitisha bajeti, huidhinisha ada na kusimamia ajira. Seneti hushughulikia taaluma, yaani mitaala, mitihani na utoaji wa shahada. Chini yake zipo bodi za vitivo na kamati za nidhamu, mabweni na huduma. Wajumbe wa Baraza hutoka wizarani, miongoni mwa wahadhiri na katika taasisi za nje. Wanafunzi, pale wanapokuwamo, huwa wawili au watatu.

Kwa hesabu hiyo mwakilishi wa wanafunzi hawezi kushinda kwa kura. Nguvu yake ni kuwahi kupata habari, na kuwashawishi wajumbe wengine. Hapo ndipo penye mtego. Nyaraka za Baraza kwa kawaida ni za siri, na pendekezo la kupandisha ada huweza kujadiliwa vikao viwili kabla ya kutangazwa. Mwakilishi akilisema mbele ya wenzake, amevunja kanuni za kikao. Akinyamaza, wenzake watauliza alikuwa wapi. Viongozi wengi wa wanafunzi wamepoteza imani ya wapiga kura wao kwa sababu hiyo, na si lazima kwa sababu ya kuhongwa, ingawa tuhuma ya hongo ndiyo hutangulia kusikika.

Kuna pia suala la muda. Kipindi cha uongozi kwa kawaida ni mwaka mmoja. Mwakilishi anapoanza kuelewa vitabu vya hesabu vya chuo, kampeni za kumtafuta mrithi wake zimeshaanza. Maofisa wa utawala wao hubaki kwenye viti vyao kwa miaka mingi. Tena anayepingana nao ni mwanafunzi, na kanuni za vyuo vingi humtaka mgombea awe hana somo aliloshindwa. Kiongozi aliyekosa vipindi kwa ajili ya vikao anaweza kupoteza cheo na chuo kwa pamoja, au kudisko, kama wasemavyo wanafunzi wa Tanzania.

Haikuwa hivyo kila mahali. Huko Bologna, Italia, katika karne ya 13, wanafunzi ndio waliomchagua mkuu wa chuo, na mhadhiri aliyechelewa darasani alitozwa faini. Mwaka 1918 wanafunzi wa Córdoba, Argentina, waligoma na kudai sehemu katika uendeshaji wa chuo chao, na madai hayo yakaenea katika sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini. Vyuo vya Afrika Mashariki vilizaliwa katika mkondo mwingine, vikiwa chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London, ambako mwanafunzi alihesabiwa kuwa mtu wa kulelewa zaidi kuliko mjumbe.

Mlimani, 1971

Kisa kinachoeleza vizuri zaidi mvutano huu kilitokea Dar es Salaam. Chuo kilichoanza mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria kilikuwa kimekwisha kuonja ghadhabu ya serikali. Oktoba 22, 1966, wanafunzi waliandamana kupinga sheria ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa kwa masharti ya kulipwa sehemu tu ya mshahara. Mwalimu Julius Nyerere aliwafukuza mamia yao, na siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Julai 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa, na Dar es Salaam, Nairobi na Makerere kila kimoja kikawa chuo kamili cha nchi yake. Mlimani walibaki wanafunzi kutoka nchi jirani waliokuwa wamekwisha kuanza masomo. Mmoja wao alikuwa Mkenya, Symonds Akivaga, aliyechaguliwa kuongoza chama cha wanafunzi kilichojulikana kwa kifupi cha DUSO. Hilo lenyewe ni la kukumbukwa, kwamba wanafunzi wa Tanzania walimpa uongozi mtu wa nchi ya pili, na uraia wake haukuwa hoja mpaka utawala ulipoufanya hoja.

Mwaka 1971 Akivaga aliandika barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, aliyekuwa ametoka katika uongozi wa chama tawala cha TANU. Barua hiyo ililalamikia namna chuo kilivyokuwa kikiendeshwa na jinsi maamuzi yalivyofikiwa bila ya wanafunzi kushirikishwa. Julai 9, Akivaga aliitwa na utawala. Kabla wenzake hawajafahamu kinachoendelea, askari wenye silaha walimkamata, wakamtia garini na kumwondoa chuoni, na baadaye akarudishwa Kenya.

Wanafunzi waligoma kuingia madarasani, na baadhi ya wahadhiri waliwaunga mkono waziwazi. Akivaga hatimaye aliruhusiwa kurejea masomoni. Mgogoro huo ulifungua mjadala mrefu juu ya nani anamiliki chuo, na wanafunzi wakapata nafasi zaidi katika vyombo vya maamuzi. Akivaga baadaye aligeukia ualimu na uandishi, na wanafunzi wengi wa sekondari nchini Kenya walimfahamu kwa kitabu cha fasihi simulizi alichokiandika pamoja na Asenath Bole Odaga, bila ya kujua kwamba jina hilo liliwahi kufunga madarasa ya chuo kikuu.

Ushindi huo haukudumu. Machi 1978 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya mawaziri na wabunge. Mamia walifukuzwa, DUSO ikavunjwa, na nafasi yake ikachukuliwa na MUWATA, umoja uliokuwa chini ya mwavuli wa jumuiya ya vijana ya chama tawala. Mwakilishi wa wanafunzi akawa pia mwana wa chama. Ilipita zaidi ya miaka 10, pamoja na kufungwa kwa chuo mwaka 1990, ndipo wanafunzi wakapata tena chombo chao, DARUSO.

Nairobi: kutoka gerezani hadi kwenye sheria

Nchini Kenya gharama ya kugombea ilikuwa kubwa zaidi. Titus Adungosi alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa SONU, umoja wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi ulioanza mwaka 1982. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1 mwaka huo, umoja ulipigwa marufuku, na Adungosi akahukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa kosa la uchochezi. Alifariki dunia akiwa kifungoni mwaka 1988.

Umoja huo uliporuhusiwa tena, Wafula Buke alichaguliwa mwenyekiti mwaka 1987. Hakukaa madarakani muda mrefu. Novemba mwaka huo alikamatwa, akafungwa miaka 5 kwa tuhuma za kuipelelezea Libya, na SONU ikapigwa marufuku kwa mara nyingine.

Baada ya kurejea kwa vyama vingi hatari ilibadilika sura. Fedha za wanasiasa na hesabu za ukabila ziliingia katika kampeni, na uongozi wa SONU ukawa ngazi ya kupandia bungeni. Paul Ongili Owino, maarufu kwa jina la Babu Owino, aliuongoza umoja huo kwa vipindi kadhaa kabla ya kuchaguliwa mbunge wa Embakasi Mashariki mwaka 2017. Uchaguzi wa SONU wa Aprili 2016, ambao ndio uliomrudisha madarakani, ulizua ghasia zilizosababisha chuo kufungwa. Polisi wa kutuliza ghasia waliwapiga wanafunzi, wakiwamo wasiohusika.

Jibu la serikali lilikuja kwa njia ya sheria. Marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu yaliyopitishwa mwaka 2016 yaliondoa utaratibu wa kila mwanafunzi kumchagua kiongozi mkuu moja kwa moja. Badala yake, wanafunzi wa kila idara au kitivo walitakiwa kuchagua wajumbe 3, wasiwe wote wa jinsia moja, na wajumbe hao ndio wachague baraza la wanafunzi. Kipindi kikawa mwaka mmoja, na kiongozi akaruhusiwa kurudi mara moja tu.

Waliotetea marekebisho walisema yangepunguza ghasia na kuwapa nafasi wanafunzi wa vitivo vidogo. Waliopinga walisema ni rahisi zaidi kuwanunua wajumbe wachache kuliko umma wa wanafunzi. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Lakini mabishano hayo yalifunika jambo zito zaidi lililotangulia. Sheria ya 2012, kama ilivyopitishwa, ililipa baraza la kila chuo kikuu cha umma wajumbe 9: mwenyekiti, makatibu wa wizara mbili, watu 5 wa kuteuliwa na waziri, na Makamu Mkuu wa Chuo. Mwanafunzi hakutajwa katika orodha hiyo. Kwa maneno mengine, wakati taifa lilipokuwa likibishana namna ya kumchagua mwakilishi, kiti chenyewe katika kikao kikuu kilikuwa kimekwisha kuondolewa.

Makerere na vyama

Uganda ilichukua njia tofauti. Sheria ya vyuo ya mwaka 2001 iliweka wawakilishi wa wanafunzi ndani ya Baraza la Chuo, akiwamo wa wanafunzi wenye ulemavu. Kinyang'anyiro cha urais wa Guild, kwa upande wake, kwa miaka mingi kiliendeshwa waziwazi kwa rangi za vyama vya siasa vya taifa. Norbert Mao alikuwa rais wa Guild Desemba 1990, polisi walipowaua kwa risasi wanafunzi wawili wakati wa mgomo uliohusu posho zao. Mwaka 2022 Mao huyo huyo aliteuliwa waziri wa sheria na katiba.

Julai 2022, wakati wa kampeni za Guild, mwanafunzi wa chuo kingine alichomwa kisu na kufariki katika vurugu za wafuasi wa wagombea. Utawala ulisimamisha uchaguzi na uongozi wa Guild. Uchaguzi uliporudishwa, mikutano ya hadhara na kampeni za vyama zilikuwa zimepigwa marufuku.

Wagombea wanawake

Kwa mwanamke, kizuizi cha kwanza mara nyingi hakikuandikwa katika kanuni yoyote. Huko Mlimani kwa miaka kadhaa kulikuwa na Punch, maandishi na michoro ya ukutani isiyo na jina la mwandishi, iliyoanza kwa kuwakejeli wakubwa na ikaishia kuwadhalilisha wanafunzi wa kike, hasa waliojitokeza. Mapema mwaka 1990 mmoja wao alijiua baada ya kuandamwa. Chama cha waandishi wa habari wanawake, TAMWA, kilipiga kelele, na Punch ikapigwa marufuku. Ni vigumu kukadiria ni wanawake wangapi waliamua kutogombea katika miaka hiyo, maana asiyechukua fomu haachi kumbukumbu. Makerere ilimpata rais wa kwanza mwanamke wa Guild, Sarah Kagingo, mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwingine aliyeshika wadhifa huo, Anna Adeke Ebaju, aliingia bungeni mwaka 2016 akiwakilisha vijana.

Wahitimu Ughaibuni

Wapo waliopitia chaguzi hizo ambao leo wanaishi mbali nazo. Mtaa wa Fereej Bin Mahmoud mjini Doha, wenye majengo ya ghorofa ya wapangaji, ni mmoja wa mitaa ya kati wanamoishi wahamiaji wa mataifa mengi. Miongoni mwa Waafrika Mashariki wanaofanya kazi ya ulinzi, hoteli na ofisi katika mji huo wamo wahitimu wa vyuo vikuu.

Sheria ya kazi ya Qatar ya mwaka 2004 iliwaachia raia peke yao haki ya kuunda kamati za wafanyakazi. Lakini sheria hiyo hiyo iliruhusu kamati za pamoja katika kampuni yenye wafanyakazi 30 au zaidi, nusu ya wajumbe wakitoka kwa mwajiri na nusu kwa wafanyakazi. Shirika la Kazi Duniani lilifungua ofisi Doha mwaka 2018, na kuanzia 2019 wahamiaji walianza kupiga kura kuwachagua wajumbe wao katika kamati hizo.

Aliyewahi kuketi katika Seneti au Baraza la Chuo atautambua mpangilio huo mara moja. Kamati hushauri, mwajiri huamua, na kibali cha kuishi nchini cha mjumbe aliyechaguliwa hutegemea mwajiri huyo huyo.