Vipuri vya sinthesaiza kongwe: mwenye chombo Arusha aanzie wapi

SINTHESAIZA ya moduli ni chombo cha muziki cha umeme ambacho visanduku vyake huunganishwa kwa nyaya nyingi za nje. Waya mmoja ukikatika ndani ya ganda lake, sauti hupotea, na fundi aweza kufungua chombo kizima bila sababu.

Kabla ya kwenda dukani, mwenye chombo apime tundu. Vyombo vya Moog, vilivyobuniwa Marekani mwaka 1964, hutumia pini ya milimita 6.35, ile ile ya gitaa, hivyo wauzao vyombo vya kwaya wanaifahamu. Doepfer ya Ujerumani hutumia ya milimita 3.5, kama ya visikilizio. Achague yenye pete moja nyeusi, si mbili. Serge hutumia pini za milimita 4, zilizo kwenye vipima umeme vya mafundi redio.

Hatari kubwa zaidi ni umeme. Chombo cha volti 120 kikichomekwa moja kwa moja kwenye volti 230 za Tanesco huweza kuungua, na saketi nyingine hazitengenezwi tena. Transfoma ya kupunguza umeme inunuliwe kwanza, hata kabla ya nyaya.

Kapasita zilizokauka hubadilishwa na fundi redio yeyote makini. Zikikosekana mjini, Luthuli Avenue jijini Nairobi, kupitia Namanga, ina maduka mengi ya vifaa vya elektroniki. Ama saketi ya CEM3340, iliyoadimika kwa miaka mingi, ilianza kutengenezwa upya mwaka 2016. Namba hiyo iandikwe kamili kwenye oda.