Chembe Inayojiunga Yenyewe

Mdogo wangu alifariki usiku wa masika, upande wa Juru, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, degedege ya malaria ikiwa imemkaza. Mama alikuwa amemnywesha maji machungu ya majani ya mubirizi mchana kutwa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Leo mimi ni muuguzi mstaafu, nyumba yangu iko Makenke, Mbarara, na bado nikisikia mtoto anahema kwa homa, mikono yangu hutafuta kipimajoto.

Nakivale ilianza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, Wanyarwanda walipovuka mpaka. Baadaye tukaja sisi wa Kivu, Kongo, na Warundi, na Wasomali. Wengi wetu tulitoka milima ya baridi yenye malaria kidogo, tukafikia kando ya ziwa na vinamasi vyake. Aliyekulia kwenye malaria, mwili wake hujifunza kupambana nayo kidogo kidogo. Miili yetu haikuwa imefunzwa. Makaburi niliyoyaona utotoni mengi yalikuwa mafupi.

Tulitibiwa kwa klorokwini hadi vimelea vikaizoea. Kwa malaria kali kulikuwa na dripu ya kwinini. Mbarara ikawa mojawapo ya vituo vya utafiti mkubwa wa kulinganisha kwinini na dawa nyingine, atisuneti, uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, kwa watoto 5,425. Matokeo yakatoka mwaka 2010: kati ya kila watoto 100 waliopewa kwinini walikufa karibu 11, kati ya waliopewa atisuneti, 8 au 9. Tofauti hiyo ni watoto wenye majina.

Lakini dawa humkuta mtoto ameshaugua. Historia ya chanjo ya malaria ilipitia ugonjwa mwingine kabisa. Mwaka 1965 Baruch Blumberg na wenzake walitangaza protini ngeni waliyoikuta katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Ikaja kujulikana kuwa ni gamba la virusi vya homa ya ini B. Wanasayansi wakaingiza maelekezo yake, yaani DNA, ndani ya hamira, jamii ile ile ya kuumulia maandazi, na mwaka 1986 Marekani ikaidhinisha chanjo iliyotokana nayo.

Protini hizo hazipangwi na mkono wa mtu. Sehemu zake zinazokimbia maji huyafuata mafuta ya hamira na kukutana humo, kama vitone vya mafuta vinavyoungana juu ya mchuzi, mpaka zifanye duara la nanomita 22 hivi.

Kuanzia 1987, kipande cha gamba la kimelea cha malaria kiliunganishwa na protini ile ya homa ya ini. Duara likajiunga vilevile, safari hii limevaa sura ya adui, na mwili ukapata kumjua kabla hajaingia. Hiyo ndiyo chanjo ya RTS,S. Mdogo wake, R21, ilijaribiwa kwa watoto wapatao 4,800, wakiwemo wa Kilifi na Bagamoyo. Kwenye vituo vya malaria ya mwaka mzima, kama hivyo viwili, ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 68 katika mwaka wa kwanza.

Aprili 2025 Uganda iliizindua R21 huko Apac, wilaya ambako watafiti waliwahi kukadiria mtu mmoja kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 1,500 kwa mwaka. Ratiba ni dozi nne: miezi 6, 7, 8 na 18.

Jirani yangu, mama wa Kivu kama mimi, alisikia habari hiyo redioni, akaja mlangoni na mtoto mgongoni.

“Muganga, ile chanjo walijaribishia kwa watoto ya nani?”

“Ya wenzetu, mama. Kilifi na Bagamoyo. Mama zao waliwabeba kama unavyombeba huyu.”

Akamshusha mtoto mgongoni, akaketi. Akataka nimweleze tangu mwanzo.