Ramani za Zamani za Uasin Gishu

Wazee wa hapa Soy huuita mji wa Eldoret "Sisibo", nalo jina hilo latoka katika ramani. Wapimaji wa Serikali ya Kiingereza walipoigawa nchi tambarare ya Uasin Gishu, waliyaandikia mashamba namba. Shamba namba 64 lilikuwa la mawe, halikupendwa na wakulima. Posta ikawekwa hapo mwaka 1910, na mji ukafuata. Wenyeji walisikia Wazungu wakiitaja namba hiyo kwa Kiingereza, wakaitamka Sisibo. Jina la Eldoret lilikuja mwaka 1912.

Nchi yenyewe ilihesabiwa kuwa tupu. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni, alitaka kuwapa Wayahudi. Mkutano wao wa Basel ulikataa mwaka 1905. Mwaka 1908 Makaburu walifika na magari yao ya ng'ombe. Lakini utupu gani huo? Wamasai walioipa nchi jina lao walikuwa wameshindwa vitani katika karne ya 19, na Wanandi walikuwa wakilisha humo. Ng'ombe hawaachi mistari ya kupimika kwa mnyororo.

Baada ya mwaka 1963 mengi ya mashamba hayo yalinunuliwa na makampuni na vyama vya ushirika, yakakatwa vipande. Ndipo ramani za zamani zikawa na kazi mpya. Mama mmoja mjane, mwanachama wetu, alikuwa na ugomvi wa mpaka na jirani yake. Akaja na ramani kubwa ya nchi, ile yenye mistari ya miinuko, ambayo sentimita 1 ni mita 500. Ilinibidi nimwambie kwamba humo milimita moja ni mita 50, yaani unene wa kalamu wameza bustani yake nzima. Ramani hiyo yaonyesha kilima, mto na reli ya Kitale iliyopita Soy. Haiamui mpaka wa majirani.

Kilichomfaa ni karatasi iliyochakaa katika sanduku la marehemu mumewe, yenye namba ya shamba la asili. Kwa namba ile ulitafutwa mchoro wa wapimaji, na mpimaji akaja na kamba yake. Bikoni ilipatikana chini ya majani, hatua 11 ndani ya ua wa jirani.