Nyota Aliyoiona Mwanafunzi wa Misri



Mwaka 1006, sawa na 396 Hijria, nyota ngeni iling'aa angani. Huko Misri, Ali ibn Ridwan, wakati huo kijana anayeanza masomo, aliitazama. Baadaye aliandika kwamba ilionekana kubwa kuliko Zuhura mara mbili na nusu au tatu, na mwanga wake ulizidi kidogo robo ya mwanga wa mwezi. Akataja na mahali zilipokuwa sayari.

Leo wataalamu wanasema ilikuwa nyota kibete nyeupe, yaani kiini kinachobaki nyota ikishamaliza moto wake. Nyota hiyo hulipuka kwa njia mbili: hunyonya gesi ya nyota jirani mpaka ikazidiwa na uzito, au huungana na kibete mwenziwe. Mwaka 2012 watafiti walitangaza kwamba walimtafuta jirani aliyesalia, wasimwone. Kwa hiyo huenda vibete viwili viliungana.

Ali hakuijua sababu hiyo. Aliandika alichokiona, na miaka 1000 baadaye maneno yake bado yanawasaidia wataalamu. Wanafunzi, mkiona jambo, liandikeni vilevile mlivyoliona.